Afande Huhama, Jalada Hubaki

Ofisa wa jeshi anayeongoza kurugenzi hukaa kwenye kiti chake miaka miwili au mitatu, kisha anahamishwa: kikosini, kozini, ubalozini. Mtumishi raia wa chumba cha pili huenda akakaa hapohapo miaka kumi na mitano. Mkataba wa helikopta unaweza kwenda miaka kumi kabla helikopta ya mwisho haijapokelewa, na helikopta yenyewe ikaruka miaka thelathini baada ya hapo. Ndege za kudondosha mabomu za B-52 za Marekani ni mfano wa kupindukia: ya mwisho ilikabidhiwa mwaka 1962 na bado zinaruka, ilhali waliosaini karatasi zake wameshaondoka kazini siku nyingi. Nani anakumbuka kwa nini kipuri fulani kilikataliwa, au kwamba muuzaji aliahidi kufundisha mafundi wanane akaja kufundisha watano? Anayepaswa kukumbuka ni yule raia wa chumba cha pili. Asipokumbuka kichwani, jalada lake likumbuke.

Wengi wanaoomba kazi wizara ya ulinzi hudhani wataishi karibu na bunduki. Wataishi karibu na bohari, kasma (mafungu ya bajeti), mikataba, migogoro ya ardhi za kambi, mishahara, ramani, dawa na mafuta. Wahasibu, maofisa ugavi, wanasheria, wahandisi, wachumi, wakemia, watunza kumbukumbu, wauguzi, wakalimani: hao ndio watumishi raia. Katika nchi nyingi juu yao kuna vichwa viwili. Mkuu wa majeshi huamuru askari na kumshauri kiongozi wa nchi kuhusu mambo ya vita. Katibu mkuu, ambaye kwa kawaida ni raia, ndiye afisa masuuli: fedha zikipotea, bunge humwita yeye. Mgawanyo huu ukikuingia siku ya kwanza utakuepusha na ugomvi mwingi. Brigedia ana haki ya kusema anahitaji malori arobaini kabla ya mwezi fulani, kwa kuwa hilo ni hitaji la kijeshi. Hana haki ya kusema yanunuliwe kwa fulani, kwa kuwa huo ni uamuzi wa fedha za umma na una utaratibu wake.

Wala si lazima uwe umevaa sare ndipo uiweze kazi. Samuel Pepys aliteuliwa mwaka 1660 kuwa karani wa bodi iliyosimamia mahitaji ya jeshi la majini la Uingereza bila kuwahi kuwa baharia. Mwaka 1662, akiwa na miaka 29, alikuwa bado anajifunza jedwali la kuzidisha, na aliyemfundisha alikuwa mtu wa meli. Kisha akajifunza kupima magogo, kutambua kamba nzuri na mbovu, na kusoma bei za turubai, mpaka wafanyabiashara waliozoea kuuza mbao pungufu wakakosa pa kujificha. Njia ya kuheshimiwa na wanajeshi haijabadilika sana tangu hapo: ujue hesabu ya kitu wanachokitegemea kuliko anayewauzia.

Upekuzi

Tangazo la kazi hueleza elimu na uzoefu. Upekuzi, yaani kuchunguzwa maisha yako ya nyuma, hutajwa kwa mstari mmoja tu, nao ndio hula muda: majuma kwa nafasi za kawaida, miezi mingi kwa nafasi nyeti. Usiache kazi uliyonayo kabla ya kupata barua ya ajira iliyosainiwa. Kuambiwa kwa mdomo kwamba "mambo yako yamepita" si barua.

Fomu huuliza anwani zote, shule zote, waajiri wote, safari za nje, ndugu walio ugenini, madeni na kesi. Fomu ya Marekani kwa nafasi nyeti hurudi nyuma miaka kumi katika baadhi ya maswali yake. Kabla hujaigusa, chukua karatasi uchore jedwali la mwezi kwa mwezi: nilikuwa wapi, nikifanya nini, nani anaweza kuthibitisha. Mwezi usio na kazi uandike hivyohivyo, "nyumbani, natafuta kazi", na uweke jina la mtu aliyekuona. Kinachochelewesha majalada mengi ni vitu vidogo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yusuf na cha shule kinasema Yusufu, na hakuna kiapo cha majina. Mdhamini hapokei simu kwa sababu hakuambiwa ataulizwa. Tarehe za ajira mbili zinapandana kwa miezi minne na hakuna maelezo.

Madeni huwatisha waombaji kuliko inavyostahili. Mpekuzi anatafuta kamba ambayo mtu mwingine anaweza kukuvuta nayo. Deni unalolilipa kwa ratiba iliyoandikwa ni kamba dhaifu. Deni ulilolificha ni kamba mbili, deni lenyewe na uongo, na ile ya pili ndiyo inayowaangusha watu. Vivyo hivyo kwa kesi ya zamani au ndugu anayefanya kazi ubalozi wa nchi nyingine: itaje, eleza kwa mistari mitatu, songa mbele.

Ukishapita, kumbuka kwamba kibali cha kuona nyaraka za siri hufuata kazi unayoifanya. Ukihamia dawati lingine kinaweza kupunguzwa au kupitiwa upya, na katikati ya safari unatakiwa kutoa taarifa za ndoa, safari ya nje, mkopo mkubwa, au mgeni anayeuliza mno.

Masijala, shule ambayo wenye shahada huidharau

Masijala ni ofisi inayotunza majalada. Kila karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi, kwa mfuatano, na kuanzia hapo huitwa kwa namba hiyo: "rejea folio 14". Madokezo, yaani maandishi ya ndani ya kuomba uamuzi wa mkubwa, hukaa upande wake, barua upande wake. Karatasi haing'olewi, ikibidi kuhamishiwa jalada jingine, mahali pake huachwa karatasi inayosema imekwenda wapi, lini, kwa idhini ya nani. Jalada likinenepa, kwa kawaida karibu folio mia, hufungwa na kufunguliwa juzuu ya pili, na kwenye jalada la kwanza huandikwa kwamba juzuu ya pili ipo. Wanaoruka hatua hii ya mwisho ndio huzalisha ile hali ya wizara kununua tena utafiti ilioulipia miaka sita nyuma.

Dokezo zuri huwa ukurasa mmoja, likizidi sana miwili. Anza na uamuzi unaoombwa, kisha historia fupi yenye namba za folio, hoja, gharama na kasma itakayobeba gharama hiyo, halafu ushauri wako. Kosa la kudumu ni kufunga kwa "kwa taarifa na maelekezo yako". Mkubwa aliyechoka saa kumi jioni ataandika "nimeona", na hapo hujapata kitu. Andika "Naomba uidhinishe moja kati ya haya mawili", uyataje. Weka tarehe, jina kamili na cheo. Sahihi ya mkato inayoeleweka leo itakuwa mchoro wa kuku baada ya miaka minane, mkaguzi akiuliza ni ya nani.

Nyaraka za siri zina adabu yake. Alama ya daraja la usiri huwekwa juu na chini ya kila ukurasa. Kurasa huhesabiwa "2 kati ya 7". Nakala nazo huhesabiwa "nakala ya 3 kati ya 5", na kila nakala ina jina la anayeishika. Ikisafirishwa huwekwa ndani ya bahasha mbili. Ya ndani hubeba alama ya siri na lakiri. Ya nje huwa na anwani peke yake, ili isimtangazie kila anayeipokea njiani kuwa imebeba kitu. Hati ya kupokelea hukaa ndani ya bahasha ya ndani, na mstari kwenye daftari lako hubaki wazi mpaka irudi imesainiwa. Isiporudi ndani ya muda uliowekwa, unapiga simu. Usingoje ukaguzi.

Ugonjwa mkubwa zaidi ya uvujaji, kwa maoni yangu, ni kugonga muhuri wa siri kwenye kila kitu. Uingereza ilipunguza madaraja yake hadi matatu mwezi Aprili 2014, na hoja yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuona oda ya soli za viatu ikiitwa siri. Fundi anayeihitaji hana kibali, kwa hiyo mtu anaipiga picha kwa simu na kuituma, na ndani ya mwaka mmoja ofisi nzima imezoea kupiga picha karatasi zenye muhuri. Kabla hujagonga, taja dhara: nani akijua hili, nini kitaharibika? Ukishindwa kulitaja, weka muhuri chini. Ila kuna mtego wa upande wa pili. Saizi ya kiatu si siri. Idadi ya viatu kwa kila saizi kwa kila kambi, ikiwekwa kwenye jedwali moja, inamwambia msomaji kila kambi ina askari wangapi. Taarifa ndogo zikikusanyika hupanda daraja, na anayezikusanya ni karani wa ugavi ambaye hakuna aliyemwambia.

Bohari

Mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mahali methali hiyo imekaa vizuri kama bohari la jeshi. Tuanze na majina. Kitu kimoja kinaweza kuwa na majina matano: la kiwanda, la muuzaji, la mafundi, la kwenye leja na la mtaani. Ndiyo maana nchi nyingi, hata zisizo wanachama wa NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, hutumia namba ya bidhaa yenye tarakimu 13. Nne za kwanza ni kundi na daraja la bidhaa, mbili zinazofuata ni nchi iliyoisajili, na saba za mwisho ni utambulisho usio na maana nyingine. Daraja 8430 ni viatu vya wanaume. 1305 ni risasi za hadi milimita 30. 2610 ni matairi ya magari na 2620 ni matairi ya ndege. Nchi 14 ni Ufaransa, 12 Ujerumani, 99 Uingereza. Tarakimu moja ikiandikwa vibaya kwenye oda, tairi la ndege linakuja kwenye gereji ya malori, na muuzaji atakuonyesha namba uliyoandika mwenyewe.

Kanuni ya "kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka" inafaa kwa nguo na makopo ya rangi. Kwa dawa, chakula cha pakiti, betri na vifaa vya kinga, kitangulie kutoka kinachotangulia kuharibika, hata kama kimeingia jana. Tairi lina tarehe yake ubavuni, tarakimu nne mwishoni mwa alama ya kiwanda: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Soma hiyo, usisome tarehe ya kupokea. Buti ndizo hufundisha kwa uchungu. Soli za poliyurethani, aina ya plastiki, huvunjwa na unyevu wa hewa polepole, hata kiatu kikiwa hakijavaliwa, na joto huharakisha. Bohari linaweka akiba ya jozi elfu kadhaa kwenye mifuko ya plastiki iliyofungwa, miaka inapita, zinatolewa zikiwa mpya kwa macho, na askari anapopiga hatua mia tatu soli inamomonyoka kama keki. Hakuna mwizi hapo. Kuna mtu aliyenunua akiba ya miaka sita ya kitu ambacho hakikai miaka sita. Soli ya mpira hustahimili ghala zaidi; ukilazimika kununua poliyurethani, nunua kidogo kila mwaka, omba tarehe ya kutengenezwa ichapwe kwenye kiatu chenyewe, na rafu zipate hewa.

Mafuta hufukuzisha watu kazi kwa sababu isiyo wizi. Dizeli hupanuka kwa karibu asilimia 0.083 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lori la lita 30,000 likipakiwa mchana wa joto na kupimwa tangini asubuhi likiwa limepoa nyuzi 10, "zinapotea" lita 250 hivi bila mtu kugusa koki. Ndiyo maana mikataba mizuri hulipa kwa ujazo uliosahihishwa hadi nyuzi 15 za Selsiasi. Mpokeaji hupima kina kwa kijiti, hupima joto, huandika vyote viwili kwenye hati ya kupokelea, na kupaka dawa ya kutambua maji kwenye ncha ya kijiti. Hati yenye lita peke yake bila nyuzi haina maana mbele ya mkaguzi. Lakini pia jihadhari na anayetumia joto kama kisingizio: upungufu wa lita 900 kwa tofauti ya nyuzi 10 haulipwi na fizikia.

Risasi na mizinga si mali ya raia kuzigusa, ila raia huzikuta mezani kwake kwa njia tatu. Ya kwanza ni kemia. Baruti ya naitroselulosi huoza taratibu. Hutiwa kiimarishi kinachopungua mwaka hadi mwaka, na joto la ghala huharakisha upungufu huo. Kikiisha, inaweza kujiwasha yenyewe. Mkemia wa maabara hupima kiasi kilichobaki kwa kila toleo la kiwanda, kwa hiyo leja isiyo na namba ya toleo inamlazimisha apime kila kitu au asipime chochote. Ya pili ni usafirishaji: vilipuzi ni kundi la 1 la bidhaa hatari, lenye vigawanyo kutoka 1.1, vinavyolipuka vyote kwa mara moja, hadi 1.6, na juu yake kuna herufi inayoonyesha nini kinaweza kukaa na nini. Viwashio haviwekwi chumba kimoja na makombora.

Ya tatu ni ardhi, nayo ndiyo inayoua watu wengi. Kwa vilipuzi vya 1.1, umbali kati ya ghala na nyumba za watu hukadiriwa kwa kuzidisha 22.2 kwa kipeuo cha tatu cha kilo za kilipuzi. Kilo 8,000 zina kipeuo cha 20, yaani mita 444. Kilo 64,000 zina kipeuo cha 40, yaani mita 888. Mzigo ukizidi mara nane, umbali unazidi mara mbili tu, na hapo ndipo wakubwa hushawishika kurundika. Ghala linapojengwa huwa porini. Kisha viwanja vinagawanywa, na ofisa ardhi wa wizara asipopeleka pingamizi kwa mamlaka ya mipango miji kila ramani mpya inapotoka, baada ya miaka ishirini ukuta wa shule uko mita 150 kutoka kwenye ghala. Mlipuko wa Mpila, Brazzaville, Machi 4, 2012 uliua zaidi ya watu 200. Wa Bata, Guinea ya Ikweta, Machi 7, 2021 uliua zaidi ya 100. Barua ya pingamizi hugharimu bahasha. Nyumba zikishajengwa kuna mambo mawili tu, kuhamisha ghala au kupunguza kilo, na yote mawili yanahitaji fedha na ujasiri ambao hupatikana baada ya msiba.

Kununua

Hitaji linakuja limeandikwa na kikosi, na mara nyingi limenakiliwa kutoka kwenye kijitabu cha muuzaji: urefu wa gari kwa milimita, umbo la taa, jina la gia. Ukilipitisha hivyo, mzabuni ni mmoja na rufaa ni tatu. Kazi yako ni kumrudisha ofisa kwenye kile gari linachotakiwa kufanya: libebe tani 5, lipande mteremko wa asilimia 60, livuke maji ya kina fulani, litengenezwe porini na fundi mwenye vifaa vya kawaida. Kaa naye nusu siku, mwulize "kwa nini" kila mstari. Mstari usio na sababu unafutwa kwa ridhaa yake. Ukiufuta peke yako, atalirudisha hitaji akisema raia ameharibu kazi.

Bei ya kununua ni sehemu ndogo ya gharama. Kwa magari, meli na ndege, uendeshaji na matengenezo kwa maisha yote ya kifaa kwa kawaida huzidi bei ya kununulia, mara nyingi kwa mbali. Robert McNamara alipoingia Pentagon mwaka 1961 kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, yeye na Charles Hitch, msimamizi wake wa fedha, walileta mfumo wa kupanga matumizi kwa miaka kadhaa mbele kwa kila lengo la ulinzi, kwa sababu bajeti ya mwaka mmoja huficha jambo hili. Mfumo huo umelaumiwa sana, kwa haki, kwa kupenda tarakimu kuliko hali halisi. Hata hivyo ugonjwa uliotaka kuutibu uko kila mahali: magari yananunuliwa kwa fedha za maendeleo, lakini kasma ya vipuri kwenye matumizi ya kawaida haiongezwi hata senti. Mwaka wa nne, theluthi moja ya malori iko juu ya mawe, yakichunwa vipuri kulisha mengine. Dawa ni kuweka ndani ya mkataba uleule vipuri vya miaka miwili, vifaa maalumu vya ufundi, vitabu vya matengenezo, mafunzo yenye idadi ya mafundi na siku, na orodha ya bei za vipuri inayoshikilia kwa muda. Muuzaji ni mpole kabla ya sahihi. Baada yake, fundi wako ataomba bei ya pampu na ataambiwa asubiri.

Hati ya mtumiaji wa mwisho huangusha mikataba mizima. Ni tamko la serikali inayonunua kwamba silaha ni zake na hazitapelekwa kwingine bila idhini. Lazima ilingane na mkataba herufi kwa herufi: jina la bidhaa, idadi, jina la muuzaji, jina la wizara. Mkataba ukisema 1,200 na hati ikisema 1,000, nchi inayouza haitatoa leseni ya zaidi ya 1,000. Sahihi iwe ya mtu ambaye jina lake limeshapelekwa kwao kama mwenye mamlaka. Akistaafu, peleka jina jipya kabla hujalihitaji. Na ahadi hiyo haizeeki. Miaka ishirini baadaye ukitaka kuuza magari yale kama chuma chakavu, mara nyingi unahitaji tena ruhusa ya nchi ile, na kamati ya kuuza mali chakavu haijui, kwa sababu mkataba uko kwenye juzuu ya kwanza. Nchi wanachama wa Mkataba wa Biashara ya Silaha, ulioanza kutumika Desemba 24, 2014, hutoa pia taarifa ya mwaka kabla ya Mei 31. Taarifa hiyo huandikwa na raia, na huwa rahisi pale tu leseni zilipowekwa jalada moja tangu Januari.

Mambo madogo yanayouma: chini ya masharti ya FOB bei huishia mzigo ukiwa melini, kwa hiyo nauli na bima ni juu yako, na si kila bandari hupokea meli yenye vilipuzi. Dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya kukulipa muuzaji akishindwa, mara nyingi asilimia 10 ya mkataba, ina tarehe ya kufa. Andika kwenye kalenda siku 60 kabla, maana muuzaji aliyechelewa hatakukumbusha kuirefusha. Kamati ya mapokezi isisaini kwa kuangalia masanduku. Fungua, hesabu, soma namba za kiwanda, piga picha pale panaporuhusiwa.

Wahasibu wenye bahati hupangiwa dawati la ulinzi wa amani la Umoja wa Mataifa, ambako nchi hurudishiwa fedha kwa ajili ya askari na vifaa ilivyopeleka. Humo kila kitu hutegemea hati ya makubaliano: nchi yenyewe ikitengeneza vifaa vyake hulipwa zaidi kuliko vikitengenezwa na Umoja wa Mataifa. Wakaguzi hupita kikosi kinapofika, kisha kwa vipindi, na jenereta isiyowaka siku ya ukaguzi hailipwi. Tangu mageuzi ya mwaka 2013, vifaa vikubwa vikikosekana au kuwa vibovu kwa ripoti mbili mfululizo, hata malipo ya askari hupunguzwa kwa uwiano. Kwa hiyo sanduku la vichujio vya mafuta lililokwama bandarini linaweza kula mamia ya mishahara. Wengi huambiwa hivyo na barua ya makato.

Kukataa kwa adabu

Siku itafika ambapo mwenye cheo atataka usaini kisicho sawa. Makelele hayasaidii, na kukaa kimya hakusaidii. Andika dokezo: nimeagizwa hivi, tarehe hii, kanuni inasema hivi, hasara inayoweza kutokea ni hii, nashauri vile. Lipeleke kwa njia ya kawaida. Mara nyingi agizo hupotea lenyewe linapotakiwa kuthibitishwa kwa maandishi. Likithibitishwa na mwenye mamlaka kisheria, jukumu limehama na folio inaonyesha hivyo. Likiwa ni jinai, hakuna maandishi ya kukulinda. Hutekelezi, na unakwenda kwa mkaguzi mkuu au chombo kilichowekwa na sheria.

Nisiwadanganye vijana kuhusu gharama yake. Ernest Fitzgerald, mchambuzi raia wa gharama katika jeshi la anga la Marekani, aliliambia bunge mwezi Novemba 1968 kwamba ndege ya mizigo ya C-5A ingezidi makadirio kwa takriban dola bilioni 2. Alipoteza nafasi yake na akarudishwa mwaka 1973, baada ya kupigania haki yake kwa miaka. Tarakimu zake zilikuwa sahihi muda wote.

Kupanda na kuondoka

Jeshini cheo huonekana begani. Kwako hakionekani, na kwenye kikao na makanali utauliziwa ngazi yako kabla ya hoja yako. Jua ngazi yako inalingana na cheo gani katika waraka wa itifaki, kisha usiitaje mpaka uulizwe. Wanaopanda haraka ni wale waliopita madawati matatu tofauti: fedha, ugavi au ununuzi, na sera. Aliyekaa bohari miaka ishirini anajua bohari, lakini nafasi ya ukurugenzi humtaka anayejua kusoma bajeti na sheria. Omba uhamisho wa ndani kila miaka minne au mitano, na ikiwezekana kozi ya chuo cha ulinzi wa taifa, ambako raia hukaa darasa moja na makanali. Kukaimu nafasi bila barua ni kujidanganya. Barua ndiyo hulipa posho na ndiyo huingia kwenye hesabu ya mafao.

Miaka mitatu kabla ya kustaafu, omba kuona jalada lako binafsi. Hakiki tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, kila barua ya kupandishwa cheo, na michango ya pensheni mwezi kwa mwezi. Mwezi uliokosekana hurekebishika mwajiri angali na orodha ya mishahara ya mwaka ule. Ukipewa kazi na kampuni uliyokuwa ukisimamia mkataba wake, soma kwanza kipindi cha kujizuia kilichowekwa na sheria ya nchi yako, na omba ruhusa kwa maandishi.

Makabidhiano yafanyike kwa kuhesabu. Orodha ya majalada yenye namba na juzuu, nyaraka za siri moja baada ya nyingine mbele ya anayepokea, mikataba hai na tarehe za dhamana zake, ahadi zilizotolewa kwa mdomo ambazo bado hazijaandikwa popote. Mihuri inarudi, kitambulisho kinarudi, akaunti za kompyuta zinafungwa. Namba za sefu hubadilishwa siku hiyohiyo, na anayezibadilisha awe yule anayebaki.